Kambi ya Fort Jefferson: Bahari, Ngome na Watoto Wetu

(Hotuba niliyoitoa kwenye hafla ya jumuiya yetu ya kuadhimisha Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba. Kamati ya jarida imeniomba niiandike kama nilivyoisema. Nimeongeza machache tu ambayo muda haukuniruhusu.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana na watoto.   

Naomba niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, maana nikianza kuwataja mmoja mmoja pilau itapoa, na akina mama wa kamati ya chakula hawatanisamehe.

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kambi tuliyokwenda mwezi wa nne, wakati watoto walipofunga shule. Mwenyekiti aliniambia, "Dada, wewe tueleze tu mlikwenda wapi na mliona nini." Nitafanya hivyo. Lakini mwishoni nina ombi, na kusema kweli ombi hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuzungumza na mtu mmoja akiwa amelala kitandani. Watu wengi hivi waliokaa wima wananitisha.

Tulikuwa watu tisa, wakubwa wanne na watoto watano. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka tisa, na mkubwa wao binti wa miaka 16. Tuliondoka hapa Orlando kwa magari mawili, tukashuka kusini mpaka barabara ilipoishia, Key West. Waliokwenda wanajua ile njia: madaraja juu ya bahari, moja baada ya jingine, na lile la Maili Saba ambalo katikati yake hujui kama uko nchi kavu au umeshakwenda zako. Asubuhi yake, saa mbili, tukapanda boti ya kwenda Dry Tortugas, visiwa vilivyo karibu maili 70 magharibi ya Key West. Boti hutumia zaidi ya saa mbili kufika huko.

Jina hilo lina maana yake. Mwaka 1513 Mhispania Juan Ponce de León alifika huko, akakuta kasa wengi, akaviita visiwa hivyo Las Tortugas, yaani Kasa. Baadaye wachora ramani Waingereza wakaongeza neno "Dry", yaani kavu, kuwaonya mabaharia kwamba hakuna maji ya kunywa. Onyo hilo halijapitwa na wakati. Kule hakuna bomba, hakuna duka, hakuna mtandao wa simu. Tulibeba zaidi ya lita 100 za maji kwa watu tisa kwa siku tatu, na kila uchafu tuliouzalisha tulirudi nao. Majiko ya gesi hayaruhusiwi kupandishwa kwenye ile boti, kwa hiyo tulibeba mkaa. Basi mkaa huo ulipikia wali wa nazi ufukweni, mpaka Wamarekani wa hema la jirani wakaja na sahani zao bila kualikwa. Tuliwapa. Mgeni ni mgeni hata kama kwao ndiko huko.

Jambo moja kwa watakaokwenda siku zijazo: kisiwani kuna panya, na panya wa kule wanapenda dagaa kama sisi. Chakula kifungwe kwenye ndoo ya plastiki ngumu yenye mfuniko. Usiku wa kwanza tulidharau, na mfuko mzima wa dagaa wa Mwanza uliovuka bahari mbili ukaishia matumboni mwa panya wa Florida.

Sasa niende kwenye ngome yenyewe.

Kisiwa tulichopiga kambi kinaitwa Garden Key, na karibu chote kimezungushiwa ukuta wa Fort Jefferson. Ni ngome yenye pande sita, ya matofali, na nje ya ukuta kuna handaki la maji ya bahari. Ujenzi ulianza mwaka 1846 ukaendelea karibu miaka 30, wala haukukamilika. Matofali yake ni zaidi ya milioni 16. Marekani ilitaka kulinda njia ya meli zinazoingia na kutoka Ghuba ya Mexico, na kwa hiyo ikajenga kitu ambacho adui akikiona tu atageuza tanga.

Ukisimama nje na kutazama ukuta, utaona matofali ya chini yana rangi ya mchanga na ya juu ni mekundu. Ya chini yalitoka Pensacola, huku huku kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, ngome ilibaki mikononi mwa Serikali ya Kaskazini, na matofali ya Kusini yakakatika. Basi wakaagiza mengine kutoka Maine, kaskazini kabisa. Nchi iligawanyika, na mgawanyiko wake bado unaonekana ukutani kwa macho. Watoto walilielewa hilo upesi kuliko kitabu chochote cha historia.

Lakini nani aliyebeba matofali hayo? Walikuwapo mafundi wa kulipwa, na baadaye wafungwa wa jeshi. Lakini miaka ya mwanzo kazi nzito ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu weusi waliokuwa watumwa. Wenye watumwa wa Key West waliwakodisha kwa Serikali, na malipo ya mwezi yakaingia mifukoni mwa wenye watumwa. Serikali iliyosema katika azimio lake la uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa ndiyo iliyokuwa ikikodi watu kama mtu anavyokodi mkokoteni.

Na mwezi wa saba mwaka 1847, wanaume saba kati yao walichukua mashua usiku wakaingia baharini. Walifuatwa, wakakamatwa, wakarudishwa. Hayo tuliyasoma kisiwani, na nitayarudia mbele, kwa sababu watoto walinirudishia wao wenyewe usiku.

Wazee wangu, ile ngome haikuwahi kushambuliwa. Ilipangiwa mizinga zaidi ya 400, na hakuna meli ya adui iliyothubutu kuijaribu. Lakini adui mmoja aliingia bila kupigiwa hata baruti. Hakuja kwa meli ya kivita, alikuja akiruka. Ni mbu.

Kisiwa hakina maji, kwa hiyo wahandisi waliweka chini ya ngome matangi zaidi ya mia ya kukusanyia maji ya mvua. Uzito wa matofali ulipodidimia mchangani, mengi ya matangi hayo yalipasuka na maji ya chumvi yakaingia. Fikirieni sasa mamia ya watu kwenye joto, maji ya kunywa yamehifadhiwa katika kila chombo kinachoweza kushika maji. Yule mbu anayeleta homa ya manjano hazai kwenye matope. Anapenda maji safi yaliyotulia: pipa, ndoo, tangi. Ni mbu huyohuyo anayeeneza dengi, aliyewalaza ndugu zetu Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Mwaka 1867 homa ya manjano iliingia Fort Jefferson. Daktari wa ngome aliugua akafa. Ngome ikabaki haina daktari, isipokuwa mmoja, naye alikuwa mfungwa. Jina lake Samuel Mudd. Huyu ndiye aliyemfunga gango mguu uliovunjika John Wilkes Booth, mtu aliyemuua Rais Abraham Lincoln. Mahakama ya kijeshi ikampa Mudd kifungo cha maisha.

Mudd hakuwa mtu wa kutungiwa sifa na watu kama sisi. Kwao Maryland alikuwa mwenye watumwa. Mwaka 1865 alijaribu kutoroka kwa kujificha ndani ya meli, wakati uleule ambapo askari weusi walikuwa wanaletwa kuilinda ngome. Alikamatwa akatiwa pingu. Lakini homa ilipoingia na daktari akafa, aliombwa ahudumie, akahudumia, usiku na mchana, mpaka na yeye mwenyewe akaugua na kupona. Askari waliopona waliandika barua ya kumwombea msamaha, na mwaka 1869 Rais Andrew Johnson akamsamehe.

Kijana mmoja aliniuliza pale pale, tumesimama kwenye chumba alichofungwa: "Anti, sasa huyu ni mtu mzuri au mbaya?" Nikamwambia, mwanangu, kazini kwangu sijawahi kuulizwa swali hilo kuhusu mgonjwa, na sijawahi kumuuliza mgonjwa swali hilo. Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini mtu anayehudumia vizuri leo hafuti alichokifanya jana, na alichokifanya jana hakifuti wagonjwa aliowanywesha maji leo. Vyote viwili vinaandikwa. Kijana alikaa kimya. Sijui kama alikubali, lakini alikaa kimya, na kwa mtoto wa miaka 14 hilo ni jambo kubwa.

Kinachoniuma mimi kama muuguzi ni hiki. Wakati ule hakuna aliyejua ni mbu. Walidhani ni hewa mbaya. Walifungua madirisha, walihamisha watu, walichoma vitu. Mwaka 1881 daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alisema ni mbu, wakamcheka. Ilipofika 1900 ndipo ikathibitishwa huko huko Cuba. Kwa hiyo wale wauguzi na madaktari wa 1867 walipigana kwa moyo wote na adui wasiyemjua, huku ndoo za maji zikiwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwalimu alituambia maadui wetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Siku hizi nikisikia orodha ile naona ujinga umetangulia kwa sababu: yeye ndiye anayewafungulia wenzake mlango.

Hadithi hii haikuishia pale. Baada ya jeshi kuondoka, mwishoni mwa karne ile visiwa vile vilitumika kuwaweka karantini wasafiri na wagonjwa wa homa ya manjano. Mwaka 2023 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilitangaza kwamba wamegundua mabaki ya hospitali hiyo na makaburi, yakiwa chini ya maji. Kisiwa kidogo kilichokuwa na hospitali kimemezwa na bahari. Katika makaburi yale lipo jiwe lenye jina la mtu aliyekuwa kibarua tu, John Greer, aliyefariki tarehe 5 Novemba 1861. Hospitali nzima iko chini ya maji! Nilipanda juu ya ukuta jioni nikatazama ile bahari ya kijani, na nikafikiria zamu za usiku zilizofanywa mahali ambapo sasa samaki wanapita.

Na hapo nikakumbuka kwetu. Walio wa Unguja wameshanielewa. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, ambacho watalii wanakiita Prison Island. Kilijengwa gereza mwaka 1893 ambalo halikuwahi kufunga mfungwa, likageuzwa karantini ya homa ya manjano. Na huko wanaishi makobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Nilikwenda Changuu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nikapiga picha na kobe, sikuuliza lolote. Nimevuka dunia ndiyo nikauliza. Visiwa viwili, bahari mbili, vyote gereza, vyote karantini, vyote vya kasa na kobe. Kile cheti cha njano ambacho sote tulikibana pamoja na pasipoti siku tuliyoondoka nyumbani ni mtoto wa hadithi hiyohiyo.

Sasa niwaeleze bahari, maana najua watoto wananisubiri nifike hapo.

Tulikodi kayaki tatu Key West tukaja nazo kwenye boti. Kayaki ni kama kidau chembamba, unakaa miguu umeinyosha, unapiga kafi lenye vichwa viwili, kulia na kushoto. Mtoto wa pwani hahitaji maelezo zaidi, mikono inajua yenyewe. Kisiwa cha jirani, Bush Key, ni cha ndege. Msimu wa kutaga, hairuhusiwi kutia mguu, unatazama kutoka majini kwa mbali. Maelfu kwa maelfu ya ndege weusi kwa weupe, jamii ya membe, wanaruka na kulia mchana na usiku. Kando yake, Long Key, kuna ndege wakubwa weusi wenye mkia wa panda na mbawa ndefu kupita kiasi, ambao dume hujaza puto jekundu shingoni kumwita jike. Katika bara zima la Marekani, hapo ndipo wanapotaga.

Chini ya gati wanakaa chewa wakubwa, mmoja ni kama jokofu. Na kwenye maji mafupi tuliona papa wamelala chini, wametulia kabisa. Kwa Kiingereza papa huyo anaitwa muuguzi. Kwa Kiswahili ni papa usingizi. Binti yangu akasema, "Mama, Waswahili ndio waliokujua vizuri." Nawaambia wanaofanya zamu za usiku: tumeshaandikwa.

Kasa tuliwaona pia. Nikawafundisha watoto kwamba Kiswahili hakina kasa mmoja tu. Yupo kasa mwenyewe, wa kijani, yupo ng'amba mwenye gamba zuri la kutengenezea vitu, na yupo duvi mwenye kichwa kikubwa. Kisiwa chenye mnara wa taa tulichokiona ng'ambo, Loggerhead Key, kimepewa jina la duvi. Wakawa wanashindana kuita: "Ng'amba! Hapana, kasa!" Maneno ambayo nilidhani yamebaki Bagamoyo kwa bibi yangu yakawa yanapigwa kelele kwenye Ghuba ya Mexico.

Na ni kasa huyo aliyenipindua.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili. Nilikuwa kwenye kayaki ya watu wawili pamoja na yule mtoto wa miaka tisa, yeye mbele mimi nyuma. Sote tumevaa jaketi za kuokolea maisha, hilo nilikuwa nimelisimamia kama polisi. Kasa akaibuka ubavuni, karibu kabisa. Nikageuka na simu yangu nipige picha. Nikaegemea. Wimbi dogo likaja kwa ubavu, tukapinduka.

Nataka niseme hili polepole. Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Bahari niliiona kabla sijaiona shule. Lakini sikuwahi kufundishwa kuogelea. Kaka zangu walikuwa wakiruka kutoka kwenye majahazi mchana kutwa. Sisi wasichana tulitanda uduvi maji yakiwa magotini, na yakifika kiunoni bibi anaita kutoka ufukweni: "Wee, rudi, mtoto wa kike hachezi na maji." Alitupenda, alikuwa anatulinda. Lakini kilichotokea ni kwamba nimeishi zaidi ya miaka arobaini, nimesoma, nimepata shahada ya uuguzi nchi ya watu, nawafundisha wengine namna ya kumrudishia mtu pumzi, na siku niliyoangukia maji yaliyopita kichwa changu nilisahau kupumua mimi mwenyewe.

Jaketi lilinileta juu. Yule mtoto naye lilimleta juu. Alikuwa mbali nami labda mita tatu, na mkondo ulikuwa unamsogeza taratibu. Hakulia. Watu wanadhani anayezama hupiga kelele. Hapana, mara nyingi hakuna sauti yoyote. Alinitazama tu. Nami nilirusha mikono na miguu yote niliyonayo, na zile mita tatu sikuweza kuzivuka. Mita tatu! Ni urefu wa meza hii ya kamati.

Aliyekuja ni binti wa miaka 16. Mtamwona pale nyuma, ameinamisha kichwa kwa aibu. Amenipa ruhusa niseme. Aliigeuza kayaki yake, akamfikia mtoto kwanza, akamshikisha kayaki. Kisha akanigeukia akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Anti, acha kupigana na maji. Lala chali. Usitazame maji, tazama ule ukuta." Nikalala chali. Nikatazama matofali mekundu. Nikapumua. Akaniletea kamba, tukavutwa mpaka mchangani. Yote hayo labda yalichukua dakika tano. Mama wa yule mtoto alikuwa kwenye mahema akichemsha chai. Nilikwenda kumweleza nikiwa bado natiririka maji, na alinikumbatia kabla sijamaliza. Kosa lilikuwa langu, na nalisema hapa mbele yenu kama nilivyolisema kwake.

Hospitali ya karibu ilikuwa maili 70. Simu haishiki. Nawaachia mhesabu wenyewe.

Binti huyu anaogelea kwenye timu ya shule. Nimeambiwa, na baba yake amekubali niseme, kwamba miaka mitatu iliyopita alimkatalia. Alisema mavazi ya kuogelea hayana heshima kwa mtoto wa Kiislamu. Mama akatafuta vazi la kufunika mwili mzima, lipo, linauzwa, na shule ikaridhia. Baba akalegeza. Baba, pale ulipo, mimi na yule mtoto tunakushukuru.

Usiku ule tulikaa nje ya mahema. Kule hakuna taa ya mji, nyota zinakaribia kukudondokea. Yule mtoto wa miaka tisa, amejifunga shuka, akaniuliza: "Anti, wale watu saba waliochukua mashua, walijua kuogelea?"

Nikamwambia sijui kuogelea, lakini bahari waliijua, maana walikuwa wanafanya kazi juu yake kila siku. Mwenye watumwa hakuwa na haja ya ukuta kwenye kisiwa kile, maji yalikuwa ukuta tosha. Kwa wale saba maji yalikuwa njia. Walikamatwa, ndiyo. Lakini kwa usiku mmoja walikwenda walikotaka.

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi na mimi nataka kujua."

Ndugu zangu, leo tunasherehekea tarehe 9 Desemba. Mwaka 1961 wazazi wetu walipandisha bendera usiku wa manane, na wenzao wakapandisha Mwenge kileleni Kilimanjaro. Mimi sikuwapo, lakini nimelelewa na watu waliokuwapo, na walituambia uhuru ni kazi. Hawakutuambia ni kazi gani kila siku, walituachia tuitafute. Sisi tuliovuka bahari kuja huku tumefanya kazi ya karatasi, ya kodi ya nyumba, ya kutuma fedha nyumbani. Watoto wetu tumewaweka kwenye majengo yenye bwawa la kuogelea uani na ziwa lenye mamba nyuma ya uzio. Lakini kuogelea hatukuwafundisha, kwa sababu na sisi hatukufundishwa.

Hapa Marekani, kuzama majini ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4. Sizungumzii homa wala ajali ya gari. Nimewapokea watoto hao kazini, wengine wametolewa kwenye bwawa la nyumbani siku ya sherehe kama hii ya leo, watu wamejaa, kila mtu akidhani mwenzake anamtazama mtoto. Sitasema zaidi, kuna watoto humu.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kamati ni haya matatu.

Kwanza, katika mfuko wa jumuiya tutenge fungu la mafunzo ya kuogelea kwa watoto wetu wote, na darasa la akina mama peke yao, mwalimu mwanamke, mavazi ya heshima, pazia likihitajika liwekwe. Nitakuwa mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha. Msinicheke mkiniona na boya.

Pili, kila mwaka tufanye siku moja ya huduma ya kwanza, nitaifundisha mwenyewe bila malipo. Wengi wetu bado tunaamini mtoto akitolewa majini anating'inizwa kichwa chini au anakandwa tumbo maji yatoke. Msifanye hivyo, mnapoteza dakika na mnaweza kumdhuru. Piga 911, na kama hapumui anza kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua. Aliyezama amekosa hewa, na hewa ndiyo anayoihitaji kwanza. Mikono hujifunza kwa kufanya, kwa hiyo njooni mfanye.

Tatu, kambi ya mwakani iwepo, na iwe hukohuko au mahali pengine penye ngome na bahari. Lakini atakayepanda kayaki awe ameonyesha kwamba anaweza kuelea dakika moja na kuogelea mita 25. Sheria hiyo itatuhusu na sisi wakubwa. Anti akishindwa, Anti atabaki ufukweni akilinda dagaa dhidi ya panya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ulinipa dakika ishirini nami nimezila zote. Niliondoka kwenda kule nikidhani nawapeleka watoto wakajifunze historia. Wamejifunza, na mkiwauliza kuhusu matofali ya Pensacola watawachosha. Lakini aliyejifunza zaidi ni mimi, nikiwa nimelala chali baharini kama gogo, naelekezwa na mtoto niliyekuwa nikimsuka nywele juzijuzi.

Wiki iliyopita yule mtoto wa miaka tisa alinipigia simu. Ameanza masomo ya kuogelea, mama yake hakungoja kamati. Alisema, "Anti, leo nimeelea sekunde arobaini." Zimebaki ishirini. Tumsaidieni azifikishe, na wenzake pia.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.